Kutoka Maji ya Chai hadi Thuwal: ushuhuda wa mwombaji wa intanshipu ya utafiti

Tangu nirudi kutoka intanshipu ya utafiti Saudi Arabia, wadogo zangu wa uhandisi hunipigia simu na swali moja: "Dada, ulipitaje?" Wengine huamini nilikuwa na mtu wizarani. Wengine husema nafasi za utafiti ng'ambo ni za wenye vichwa vya ajabu. Sikuwa na mtu, na darasani kwetu walikuwapo walionizidi kwa mbali. Nimeona niandike niliyoyapitia, kwa sababu nilipokuwa nahangaika nilitafuta ushuhuda wa namna hii kwa Kiswahili na sikuupata.

Nimekulia Maji ya Chai, wilayani Arumeru, chini ya Mlima Meru. Mlima wetu ni volkano, na miamba yake huachia floraidi kwenye mito na chemchemi tunazochota. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Vyanzo vingine vya Meru huvuka 10. Anayeyanywa maji hayo tangu utotoni huota meno ya kahawia, na floraidi ikizidi sana hata mifupa huathirika. Upande wa Ngarenanyuki nimewaona watoto waliopinda miguu wasiweze kukimbia na wenzao. Mimi meno yangu ni ya kahawia. Nilipopelekwa shule ya bweni mkoa mwingine, wenzangu waliniuliza kwa nini sipigi mswaki, nami nikazoea kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Uchungu ule ndio ulionifanya nichague uhandisi wa kemikali nilipofika chuo kikuu, Dar es Salaam. Nilitaka kujua maji husafishwaje.

Sisi wa uhandisi hutakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo, tunayoyaita PT, mwaka wa masomo unapoisha. PT ya mwaka wa pili niliomba nikaifanyie nyumbani, Ngurdoto, kwenye kituo cha Wizara ya Maji kinachotafiti namna ya kuondoa floraidi. Pale nilijifunza kuchoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuru lenye hewa kidogo mpaka iwe mkaa, kuusaga, kuuchekecha na kuupanga ndani ya ndoo ya kuchujia. Mkaa huo hunasa floraidi. Mifupa isipoiva vizuri maji hunuka. Ikichomwa kwa moto mkali mno, mkaa hupoteza nguvu ya kunasa. Nilikabidhiwa kazi ya kuandika vipimo, na jioni nilikaa na daftari langu nikijiuliza kwa nini mkaa uleule huchoka mapema kwenye maji ya chanzo kimoja na kudumu kwenye maji ya kingine. Wenyeji wa kituo walinieleza walivyoweza, kisha mmoja wao akaniambia, "Binti, swali lako linataka maabara kubwa kuliko hii." Nikalibeba swali hilo nikarudi nalo chuoni.

Mwaka wa tatu nikaanza kutafuta maabara hiyo kubwa. Kizuizi cha kwanza kilikuwa uraia. Mpango wa RISE wa shirika la DAAD la Ujerumani, unaosifiwa sana, unapokea wanafunzi wanaosoma Marekani, Kanada, Uingereza na Ayalandi. Mpango wa REU unaogharimiwa na mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani, NSF, ni wa raia wa nchi hiyo na wenye ukaazi wa kudumu. Mitacs Globalink ya Kanada ilikuwa na orodha ya nchi, na mwaka ule Tanzania haikuwemo. Unasoma ukurasa mzima, moyo unakupanda, unaanza hata kuwaza utavaa nini kwenye baridi, kisha unafika kwenye masharti na kukuta nchi yako haipo. Inauma kwa namna yake, kwa sababu hakuna mtihani uliofeli wala mtu wa kumlalamikia.

Cha pili kilikuwa kalenda. Vyuo vingi vya Ulaya na Amerika hupokea wanafunzi wa utafiti kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi chao. Sisi Julai tunakuwa kwenye mitihani ya mwisho wa mwaka. Kuondoka Juni maana yake ni kuahirisha mwaka, na kwa mwanafunzi anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, kuahirisha mwaka ni kuvuruga kila kitu, kuanzia chakula hadi chumba.

Cha tatu kilikuwa pesa. Boom, yaani fedha za mkopo, lilipotoka, sehemu yake niliituma nyumbani kwa ajili ya mdogo wangu aliyekuwa sekondari. Sikuwa na laptop. Nilitumia ya mwenzangu wa chumbani alipolala, nikiunga bando la usiku kwa sababu ndilo nililolimudu. Kuna mipango iliyotaka cheti cha Kiingereza cha IELTS, na ada ya mtihani huo huzidi dola 200. Mama yangu anauza ndizi soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Nilijua hesabu ya soko lake, na sikuthubutu kumtajia kiasi hicho.

Niliomba palipokuwa wazi kwangu. Niliomba nafasi ya wanafunzi CERN, maabara ile ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwa kuwa hupokea pia wanafunzi wachache kutoka nchi zisizo wanachama, wahandisi wakiwamo. Niliandikia maprofesa mmoja mmoja. Waliokataa walikataa kwa adabu, wakinitakia heri. Wengi hawakujibu, na ukimya ule ulinichosha kuliko kukataliwa. Kila simu ilipolia usiku nilishtuka nikidhani ni barua pepe. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameniahidi barua ya kunipendekeza alisafiri, na mwisho wa kupokea maombi ukapita barua haijatumwa. Wiki hiyohiyo kwenye kundi letu la WhatsApp likatokea tangazo la wakala aliyedai anatafutia wanafunzi intanshipu Ulaya kwa shilingi 300,000, "nafasi ya uhakika". Mwenzetu mmoja alilipa. Namba ile haikupatikana tena.

Nilifika mahali nikamwambia mwenzangu wa chumbani kwamba naacha. Yeye ni mtoto wa Lindi, anasoma uhandisi wa ujenzi, na kwao pia maji ni shida. Hakunibembeleza. Alinikabidhi laptop yake mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla kwa sababu alikuwa na ripoti zake za kuandika, akasema, "Maliza kwanza, mimi nitaandika usiku." Nilikuwa nimechoka kiasi cha kulia. Nikamshukuru Mungu kwa ajili yake, na bado namshukuru.

Siku zile nilikwenda kwa mwalimu mwingine, mama mmoja anayetufundisha masuala ya kuchuja na kutenganisha, nikamwomba barua. Aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Nikikuandikia barua, nitasema unakwenda kutafuta nini?" Nikamtolea daftari la Ngurdoto. Alilisoma akiwa amesimama, akavuta kiti akaketi. Tulikaa mpaka jioni. Akanifundisha kuyageuza maandishi yangu ya tanuru kuwa ukurasa mmoja: tatizo ni lipi, nimepima nini, sijui nini, na ni maabara ya aina gani inayoweza kunijibu. Akasema ukurasa huo ndio niutangulize kokote nitakakoomba, halafu alama zangu zifuate. Barua yake aliituma wiki mbili kabla ya kuhitajika.

Ukurasa ule ulinionyesha pia pa kutafuta. Anayetaka kujifunza kusafisha maji kwa utando wenye vitundu vidogo mno aende kwa watu wasio na maji mengine ya kunywa. Saudi Arabia haina mto wa kudumu hata mmoja, na hakuna nchi duniani inayozalisha maji mengi kwa kuondoa chumvi ya bahari kuliko wao. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah, KAUST, kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Thuwal kaskazini mwa Jeddah, kina kituo kizima cha utafiti wa kazi hiyo. Nikakuta kina mpango wa wanafunzi wageni, VSRP. Nilisoma masharti yake kwa kalamu mkononi. Haukuchagua uraia. Ulipokea kuanzia wanafunzi wa mwaka wa tatu. Muda ulikuwa miezi 3 hadi 6, na mtu aliweza kuanza wakati wowote wa mwaka kwa makubaliano na profesa. Tiketi, viza, bima na chumba vilikuwa juu yao, na posho ilikuwa dola 1,000 kwa mwezi. Kuomba kulikuwa bure. Nilisoma mara ya pili nikidhani kuna mstari nimeuruka.

Sharti gumu lilikuwa wastani wa alama, yaani GPA: walitaka 3.5 kwa kipimo cha 4. Sisi kipimo chetu ni 5, na yangu ilikuwa 4.4. Kwa hesabu ya uwiano inakuwa 3.52, yaani nilipita kwa unywele. Mfumo wa kompyuta haujui vipimo vya Dar es Salaam, hivyo nikaambatanisha barua ya idara inayoeleza alama zetu hupangwaje, na nyingine kwamba tunafundishwa kwa Kiingereza. Kisha nikachagua mradi mmoja katika orodha yao, wa tando za kuchuja maji, nikasoma makala za profesa wa mradi huo mpaka nikapata swali la kumuuliza lililohusiana na vipimo vyangu.

Alijibu. Tulizungumza kwa video nikiwa maktaba, nimejibanza kona yenye mtandao mzuri. Swali lake la kwanza lilikuwa zito: tando zinahitaji pampu na umeme, na vijiji vyenu vina mkaa wa mifupa ulio rahisi, kwa nini uhangaike na tando? Nikamwambia mkaa huisha nguvu bila mtumiaji kujua, maji yanaendelea kuonekana safi, na familia inaendelea kunywa floraidi ikiamini imechuja. Nikasema kijiji kikiwa na kioski kimoja chenye mtambo unaotunzwa na mtu anayelipwa, huenda kikawa salama kuliko ndoo mia zisizobadilishwa mkaa, na kwamba nataka kujua shinikizo linalohitajika ni kiasi gani, ili nijue kama paneli za jua zinaweza kuisukuma pampu hiyo. Akauliza nimejuaje kwamba watu hawabadilishi mkaa. Nikajibu, "Nimekulia huko, Profesa. Meno yangu unayaona." Sikuziba mdomo.

Barua ya kukubaliwa ilikuja wiki tuliyokuwa tukijiandaa kwa mitihani. Nilidhani safari imekwisha, kumbe sehemu iliyobaki ilikuwa nyumbani.

Baba yangu amekwisha kufariki, na mlezi wetu ni baba mdogo. Alipoambiwa nakwenda Uarabuni alisema neno moja: hapana. Simlaumu hata kidogo. Kila kijiji cha kwetu kinamjua binti aliyeondoka kwenda kufanya kazi za ndani huko Ghuba akanyang'anywa pasipoti, akapigwa, au akarudi mgonjwa bila mshahara. Wakala wa binti huyo naye alikuwa na karatasi zenye mihuri. Baba mdogo alikuwa akinilinda na jambo la kweli.

Ikaitishwa familia. Sikubishana naye. Nilimsomea mkataba kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili: tiketi ya kwenda na kurudi imelipwa na nani, chumba kiko wapi, pasipoti inakaa kwa nani, nikiugua natibiwa na nani, na nani wa kupigiwa simu. Yule mama mwalimu aliongea naye kwa simu kwa muda mrefu, akampa namba yake na ya mkuu wa idara. Kilichomgusa zaidi, aliniambia baadaye, ni kwamba katika karatasi zote zile hapakuwa na mahali ambapo sisi tunadaiwa hata shilingi. Akasema, "Anayekuuza huanza kwa kukudai. Hawa hawajakudai. Nenda, mwanangu, lakini kila Ijumaa nisikie sauti yako."

Pasipoti ilikuwa shilingi 150,000, mbali na nauli za kufuatilia cheti cha kuzaliwa na viapo. Mama alikopa kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, VICOBA. Wenzake walipojua ni za nini, walimpunguzia masharti. Deni hilo nililirudisha kwa posho yangu ya kwanza, na kwangu ile ndiyo fedha tamu kuliko zote nilizowahi kuzituma. Chuoni idara ilikubali miezi ile ihesabiwe kuwa PT yangu ya mwaka wa tatu, nikaondoka baada ya mtihani wa mwisho.

Thuwal ni pwani ya Bahari ya Shamu, na joto la Agosti huweza kupita nyuzi 40. Ndani ya maabara nilikabidhiwa kipande cha utando kisichozidi kiganja, pampu, na uhuru wa kuuliza. Nilitengeneza maji yanayofanana na ya kwetu kwa kufuata namba za daftari langu: floraidi kiasi hiki, bikaboneti kiasi hiki. Maji ya bahari yanahitaji shinikizo la zaidi ya baa 50 ili yapenye yakiacha chumvi. Maji ya Meru hayana chumvi kama bahari, na tando zenye vitundu vikubwa kidogo huyachuja kwa shinikizo dogo mno kuliko hilo. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba pampu ya jua si ndoto. Na nilipoyajaribu maji hayohayo kwenye mkaa wa mifupa nilipata jibu la swali la Ngurdoto: bikaboneti ikizidi, na maji yakielekea kuwa ya alkali, hushindana na floraidi kwenye mkaa wa mifupa, ndiyo maana mkaa wa chanzo kimoja huchoka mapema. Majibu yale niliyapeleka kituoni niliporudi, na ndiyo yaliyokuwa msingi wa mradi wangu wa mwaka wa nne.

Sasa kwenu wadogo zangu. Someni masharti kabla ya kupenda jina. Angalieni uraia, mwaka wa masomo, tarehe na nani analipa. Yakikataa hayo, ondokeni hapo mapema bila kujilaumu. Masharti hubadilika, kwa hiyo yasomeni ya mwaka huo kutoka kwa chuo chenyewe. Mwambieni mwalimu mapema, mpeni kila anachohitaji kuandika, na muwe na wa pili iwapo wa kwanza atapata udhuru. Yeyote anayetaka fedha ili akupatie nafasi ya utafiti, mkimbie. Wekeni rekodi za PT zenu, hata kama mmepelekwa karakana ndogo ya mtaani, kwa sababu maswali mnayoyaokota huko hakuna mwanafunzi wa Zurich wala Boston aliye nayo.

Walimu wetu, najua mna madarasa ya mamia na mishahara isiyotosha. Lakini barua moja iliyotumwa kwa wakati ilinivusha, na barua moja isiyotumwa humrudisha mtoto wa watu nyuma mwaka mzima. Idara zikiweka mtu mmoja wa kushughulikia barua, maelezo ya GPA na ruhusa ya PT ya nje, wataondoka wengi. Nanyi wazazi mnaoogopa, endeleeni kuuliza maswali yote aliyouliza baba mdogo, na majibu yakitimia, mruhusuni binti aende.

Watoto wa Maji ya Chai bado wanakunywa maji yaleyale. Tunahitaji wahandisi wengi zaidi wanaoyajua maji hayo kwa jina, na mlango wa kuwapata uko wazi kwa anayeweza kuuliza swali lake vizuri. Ombeni.